Gongo la Kina Naughton

Barua ya Kombe la Reli ilikuwa inafika kila Februari, na Bosco Naughton alikuwa wa mwisho kujua kuwa imefika. Mleta barua aliitambua kwa bahasha yake ya kahawia, akamdokeza mwenye duka, mwenye duka akamdokeza padri, na Bosco anaporudi jioni kutoka kufukia mashimo ya barabara za halmashauri, mikono imejaa lami, parokia nzima ya Kiltarsna imeshajua kwamba ameitwa tena kwenye timu ya jimbo.

"Hongera, Bwana Jimbo," walimwambia kwenye baa. "Mwaka huu unakaa upande gani wa benchi?"

"Ule wenye upepo," Bosco alijibu. "Ule mwingine ni wa watu wa Galway."

Alicheka nao, kwa sababu Kiltarsna usipocheka umekwisha. Lakini ilimchoma. Ilimchoma mwaka wa kwanza, na huu ulikuwa mwaka wa saba.

Ubaya wa jambo lenyewe ulikuwa huu. Kombe la Reli, lililotolewa zamani na shirika la reli, ni la majimbo manne ya nchi yetu, na kila jimbo linapaswa kuchagua wachezaji bora kutoka kaunti zake zote. Kwenye kandanda yetu hilo linawezekana. Lakini kwenye mpira wa magongo, ule wa kudaka mpira mdogo kwa mkono na kuupiga hewani kwa gongo, jimbo letu la Connacht lina kaunti moja tu inayojua kucheza, nayo ni Galway. Nyingine ni watu wa kandanda watupu. Kwa hiyo timu ya jimbo ilikuwa ni Galway ile ile iliyobadilishiwa jezi, na hata washabiki hawakujisumbua kuita Connacht. Waliita Galway, basi. Ila aibu kidogo wakubwa walikuwa nayo, ndiyo maana kila mwaka walitafuta mtu mmoja wa kaunti nyingine, wakampa namba ishirini na mbili, wakamkalisha benchi ili jimbo lionekane jimbo. Kusini mwa kaunti yetu ya Roscommon kuna parokia tatu nne zinazocheza magongo tangu enzi za mababu, na Kiltarsna ni mojawapo. Mtu huyo mmoja akawa Bosco.

Na alikuwa mzuri. Hilo niliseme wazi, maana watu wetu wa kandanda hawapendi kulisema. Angezaliwa maili kumi na mbili upande wa pili wa mto, kule Galway, angekuwa na jina.

Miaka sita, hajaingia hata dakika moja. Kocha, Malachy Tarpey, mtu mpana mwenye kofia ya sufu, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita kwa kaunti yake. "Roscommon, pasha mwili." Bosco anaondoka mbio kando ya mstari hadi kwenye kibendera cha kona, anarudi, anainama, anajinyoosha, anamtazama Malachy, na Malachy anatazama uwanjani kama mtu ambaye hajawahi kumtuma mtu yeyote popote. Mwaka wa nne alipasha mwili kipindi kizima cha pili. Alikimbia kuliko kiungo yeyote aliyekuwa ndani, na filimbi ya mwisho ilimkuta kwenye kona amenyoosha paja.

Medali alikuwa nazo tatu, kwa kuwa Galway walishinda mara tatu na wa benchi nao hupewa. Alimpa mkewe, Dympna, naye akaziweka kwenye kopo la vifungo. Hakuna aliyezitundika. Ungetundikaje ukutani kitu ambacho wageni wakiuliza ulifanya nini huna la kuwajibu?

Tena Dympna alikuwa na kipimo chake. Katika Kombe la Reli jezi ni ya jimbo na inarudishwa, lakini soksi kila mtu huvaa za klabu yake. Bosco alivaa soksi za Kiltarsna, kijani na mstari mweupe. Kila mwaka siku ya Mtakatifu Patrick Dympna alifungua begi lake jioni, akazitoa zile soksi, akazinusa, akazirudisha kabatini bila kuzifua.

"Wewe mwanaume ni nadhifu," alimwambia. "Watu wengine waume zao wakirudi mpirani wanaosha tope wiki nzima."

"Mwaka huu utafua."

"Hata mwaka jana niliandaa maji ya kuloweka."

"Dympna, mwaka huu nikikaa benchi tena, basi. Goti limechoka. Nina miaka thelathini na minne. Sirudi tena."

Aliposema hivyo Dympna aliacha utani, akaja akaketi kwenye mkono wa kiti chake. Alijua mumewe hataki medali ya nne. Alichotaka ni kupiga mpira mmoja. Mmoja tu, akiwa na jezi ya jimbo mgongoni, uende utakakokwenda.

Sasa, gongo. Baba yake Bosco, mzee Packie, alikuwa mchonga magongo. Alichonga kwenye banda nyuma ya nyumba, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na magongo yake yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa ya Roscommon, na nani nje ya Kiltarsna angenunua gongo lililochongwa Roscommon? Wachezaji wakubwa walikuwa na wachongaji wao huko Galway. Mzee Packie aliwachongea watu wa parokia, akawarekebishia yaliyopasuka, na akiwa na hasira aliwaambia waende wakanunue la dukani waone.

Mwaka aliofariki mama yake Bosco, dhoruba iliangusha mti wa ash, wenye mbao ngumu zinazonesa, uliokuwa kando ya kisima. Gongo hutoka pale chini kabisa, shina linapopinda kuingia kwenye mzizi, na shina la mti ule lilikuwa na mpindo ambao mzee alisema hajauona tena. Aliacha mbao zikauke karibu miaka miwili. Yakatoka magongo matatu. Mawili yalivunjikia kwenye mechi za klabu. La tatu Bosco alilihifadhi, halichezei mechi ya kawaida, anakwenda nalo kwenye Kombe la Reli tu. Inchi thelathini na sita, bati jembamba kwenye ubapa, na mpini ambao vidole vyake vilishaacha alama kwa kupashia mwili miaka yote hiyo.

Asubuhi ya mechi mzee Packie alimkuta analifunga utepe mpya mpinini.

"Usiliazime," mzee alisema.

"Nani ataliomba, baba?"

"Sijui. Mtu akikuomba mpe maji. Mpe koti. Gongo usimpe."

Kila mwaka alisema hivyo hivyo, na kila mwaka hakuna aliyeomba. Mzee hakuwa mtu wa kwenda viwanjani. Alibaki jikoni na redio, mkate wa soda na paka.

Fainali, kama kawaida siku ya Mtakatifu Patrick, mwaka huo ilikuwa Connacht na Munster, na ilichezwa Ballinasloe, pua na mdomo na nyumbani. Mvua ilinyesha tangu misa ya kwanza. Watu hawakufika hata elfu mbili, majani ya shamroki ya sikukuu hiyo yamelowa kwenye kola zao, na wazee walilalamika kuwa zamani siku hii Dublin ilijaa hadi watu wanakaa juu ya kuta. Huo ulikuwa wimbo wa kila mwaka. Bosco hakuwasikiliza. Aliketi mwisho wa benchi, upande ule wenye upepo, gongo katikati ya magoti, na koti la mazoezi alilopewa halikuwa na zipu.

Fahari ya timu alikuwa Colman Niland. Kama hukuwahi kumwona Colman akicheza, pole. Mrefu, mabega yameshuka, anatembea kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha, halafu ghafla mpira uko wavuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwambia ngoja.

Munster walikuja na mabeki wanaopiga gongo la mtu kabla ya kupiga mpira. Kufikia mapumziko Colman alikuwa amevunjiwa mawili. Dakika ya ishirini ya kipindi cha pili akavunjiwa la tatu, ndilo lilikuwa lake la mwisho, na Connacht walikuwa nyuma kwa pointi nne. Wakati huo Bosco alikuwa wapi? Alikuwa anapasha mwili. Ameambiwa "Roscommon, pasha mwili" robo saa iliyopita, na alikuwa amefika usawa ule ule wa uwanja ambapo Colman alisimama na kipande cha mpini mkononi.

"Gongo," Colman alisema. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu.

Mpira ulikuwa unarudi. Kipa wa Munster ameupiga mrefu, uko hewani unakuja upande huo huo. Bosco naye alikuwa mchezaji, na mchezaji akiona mpira unakuja na mwenzake hana kitu mkononi, mkono unafanya kabla ya kichwa. Alilirusha. Colman alilidaka hewani, akageuka, akaudaka mpira kwa mkono wa kushoto, hatua tatu, akapiga. Wavuni, yaani pointi tatu kwa mkupuo. Mwamuzi wa goli akainua kibendera cha kijani, na uwanja mzima ukaimba Galway.

Bosco aliruka juu kama wengine. Alipotua ndipo alipoona mikono yake mitupu, na maneno ya mzee yakamrudia. Alifurahi na akakasirika kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyodumu. Miaka saba. Gongo lake limeingia kucheza, yeye bado yuko nje.

Colman alilipenda. Hata kutoka kwenye mstari ulikuwa unaliona hilo. Alilipima mara moja mkononi, akalitazama ubapani, kisha akapiga nalo pointi mbili, moja moja juu ya mwamba kati ya nguzo, kutoka mbali ambako siku nyingine angetoa pasi.

Zikabaki dakika tatu. Munster walikuwa wamejibu, wanaongoza kwa pointi moja. Winga wetu wa kushoto akaanguka, amekanyagwa kifundo, hainuki. Malachy aligeuka akatazama benchi. Wawili alishawaingiza. Mmoja alikuwa na mafua. Mwingine alikuwa amekwenda msalani, na hili silizushi, watu wa Ballinasloe wanalisimulia hadi leo.

"Roscommon," Malachy alisema. "Ingia."

Bosco hakuelewa. "Nipashe mwili?"

"Ingia, bwana. Ingia uwanjani. Peleka karatasi kwa refa."

Koti akalitupa, karatasi ya jina akaikamata kwa meno. Akanyoosha mkono kushika gongo. Gongo halikuwepo. Akazunguka benchi mara mbili kama kuku. Yalikuwepo vipande, lilikuwepo moja fupi lililoachwa na mtoto wa mtu, na lilikuwepo la akiba la kipa. La kipa lina ubapa mpana kama sahani ya kugawia nyama, zito mbele, si la mtu wa kukimbia nalo. Akachukua hilo hilo. Angefanyaje?

Aliingia. Redioni, mtangazaji alisema, "Anaingia Naughton wa Roscommon," na jikoni Kiltarsna mzee Packie alimsukuma paka pajani, akasogeza kiti.

Mpira wa kwanza ulimjia baada ya nusu dakika. Ulimjia vizuri, chini chini, peke yake, hakuna beki karibu, mpira ambao kwa miaka saba aliuota akiwa amelala na akiwa anafukia mashimo. Akainua gongo kama ambavyo mkono ulikuwa umezoea. Gongo la kipa likachelewa. Akapiga hewa. Mpira ukampita miguuni ukatoka nje, na kwenye jukwaa mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Rudi kwenye kandanda yenu," mmoja aliita.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Kukaa benchi amevumilia. Koti lisilo na zipu amevumilia. Bwana Jimbo, soksi safi, kibendera cha kona, vyote alivimeza. Lakini kuchekwa akiwa na gongo la mtu mwingine mkononi, na lake liko mita arobaini kutoka hapo linacheza, hilo lilikataa kumezeka.

Muda ulikuwa umekwisha, refa anatazama saa, ndipo beki wa Munster alipomvuta Colman jezi. Faulo. Mita hamsini, kidogo upande wa kulia. Pointi moja ingesawazisha, waende muda wa ziada. Kwa Colman hiyo ilikuwa kazi ya kila Jumapili. Aliuweka mpira chini, akafuta ubapa wa gongo kwenye kaptula. Refa akamwambia, "Ni pigo la mwisho hilo."

Bosco akamwendea.

"Colman. Gongo langu."

Colman aliinua macho kama mtu aliyeamshwa. "Nini?"

"Hilo ni langu. Nipe."

"Ngoja nipige."

"Nimengoja."

"Wewe una wazimu? Ni faulo ya mwisho, bwana. Nikipiga nakurudishia, nenda nalo ukalale nalo."

"Miaka saba nangoja, Colman. Sikuombi. Nimeingia kucheza, nataka gongo langu."

"Utalifanyia nini sasa hivi?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake. Bosco hakutaka kupiga faulo ile, na hata mimi niliyemjua maisha yangu yote siwezi kusema alikuwa anataka nini. Alinyoosha mkono tu, kama Colman alivyomnyooshea yeye. Kwenye mstari Malachy alikuwa amevua kofia, anapiga kelele maneno ambayo mbele ya padri yasingefaa, na padri alikuwepo. Watu wote wakawa wanawatazama wawili wenye jezi moja wanagombea gongo.

"Pigeni au napuliza," refa alisema.

Colman akamtupia gongo kifuani. "Chukua. Chukua, Mungu akusamehe." Akampokonya lile la kipa.

Alipiga nalo. Mpira ulipaa vizuri, watu wakaanza kuinuka, kisha ukachoka ukiwa hewani, ukaanguka mbele ya goli katikati ya mabeki wa Munster. Mmoja akaudaka, akaupiga mbali kwa nguvu zake zote, na refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Mpira ulikuwa bado hewani. Unashuka, na chini yake alikuwepo Bosco Naughton peke yake. Filimbi aliisikia. Aliinua mkono akaudaka, gongo la baba yake mkononi, na hakufikiri neno lolote. Alipiga. Mlio wake ulikuwa ule wa ubao mkavu na ngozi vikikutana sawasawa, na mpira ulikwenda mita sitini kwenye mvua, ukapita katikati ya nguzo, juu ya mwamba, hadi bustanini kwa watu.

Waamuzi wa goli walikuwa wameshavikunja vibendera vyao. Munster walikuwa wanakumbatiana. Colman Niland tu ndiye aliyekuwa anatazama upande huo. Akautazama mpira hadi ulipopotea, akatema mate, akaenda zake kubadili nguo.

Waliobeba kombe walipewa medali, walioshindwa hawakupewa kitu. Bosco ana medali za miaka mitatu ambayo hakucheza, na mwaka aliocheza hana. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsemesha. Malachy alipita akikusanya jezi, akachukua ya Bosco, akaikunja.

"Miaka sita nakaa na wewe," alisema. "Kwa nini hukunyamaza na mwaka huu?"

Bosco alivaa viatu vyake vya kazi, akaondoka.

Alifika nyumbani kabla ya chai. Dympna alifungua begi, akatoa soksi za kijani. Zilikuwa na tope hadi kwenye ule mstari mweupe. Safari hii hakuzinusa.

"Zina tope," alisema.

"Loweka."

Mzee Packie alikuwa palepale mezani, redio imezimwa. Bosco aliweka gongo mezani mbele yake. Njia nzima kutoka Ballinasloe alikuwa amejiambia kwamba mzee ataelewa. Wengine wote wamchukie, sawa, lakini mzee ndiye aliyesema usiliazime. Alilirudisha. Lilikuwa hapo, zima, na alama moja tu mpya kwenye bati.

"Redio ilisema Connacht wamegombana wenyewe kwa wenyewe," mzee alisema.

"Colman alikuwa na gongo langu. Nikalichukua."

"Alikuwa nalo tangu lini?"

"Tangu lile goli."

Mzee aliinua kichwa. "Lile goli alilipiga na hili?"

"Ndiyo."

"Na zile pointi mbili za mbali? Mtangazaji alisema hajaona pointi kama zile tangu aanze kazi."

"Na hizo pia."

Mzee Packie alipitisha kidole gumba kwenye ubapa, polepole, toka kwenye kisigino hadi kwenye bati. Alikuwa na miaka sabini na moja. Maisha yake yote alichonga kwenye banda lile, na hakuna mtu wa maana nje ya parokia tatu aliyewahi kushika gongo lake.

"Na faulo ya mwisho," aliuliza, "aliipiga na lipi?"

"La kipa. Hili nilikuwa nalo mimi."

Dympna alisimama na soksi mlangoni.

"Hili lingefika," mzee alisema. "Ungemwachia, Bosco."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ingekuwa afadhali. Bosco alimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema mtu akiomba mpe maji. Mzee akakubali kwa kichwa kwamba ndiyo, alisema, miaka yote alisema, lakini alikuwa hajui kwamba atakayeliomba ni Colman Niland. Bosco akataka kumweleza juu ya mpira ule uliopita katikati ya nguzo baada ya filimbi. Akaacha, akaenda akasimama uani kwenye mvua hadi Dympna alipomwita chai imepoa.

Mwaka mzima watu walimsema, kisha wakachoka kidogo. Kwenye baa hakuitwa tena Bwana Jimbo, na ajabu ni kwamba alilitamani jina hilo.

Februari bahasha ya kahawia ikafika. Mleta barua akamdokeza mwenye duka, mwenye duka akamdokeza padri, na Bosco alirudi kutoka kazini akakuta watu wawili wamesimama kwenye geti lake wanajifanya wanazungumzia kondoo. Alisema hatarudi, ndiyo, lakini kusema na barua kuwa mezani ni mambo mawili. Aliingia jikoni na lami yake mikononi.

Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la baba yake.

"Wanataka magongo," mzee Packie alisema. Miwani ilikuwa imemteremka puani. "Ishirini na nne. Niland amewaambia. Anasema yawe kama lile."

"Wanayataka akina nani?"

"Jimbo."

Dympna alimtazama mumewe, akageuka upande wa jiko.

Walifanya kazi ile wiki nne. Mzee peke yake asingeweza, kwa hiyo Bosco akitoka barabarani aliingia bandani, akashika mbao, akasugua, akapigilia mabati. Gongo lake walilitundika msumarini, ndilo la kupimia, na kila jipya lilipomalizika mzee aliliweka sambamba nalo. Hawakuzungumza sana. Mzee alikuwa anapiga miluzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mkewe afariki, na Bosco alimwonea wivu, kisha akaona haya kumwonea wivu baba yake.

La ishirini na nne lilipokwisha, mzee Packie alimpa alishike.

"Lipime," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Bosco alilitoa nje uani. Alisimama alivyokuwa anasimama kwenye mstari, akavuta pumzi, akalizungusha mara moja, kwa nguvu zote, bila mpira. Lilikuwa jepesi mahali pa kuwa jepesi, zito mahali pa kuwa zito.

"Liko sawa," alisema, akalirudisha bandani, akalifunga pamoja na mengine.